Nimjibu kwa Simu Ipi?

Tulipomzika babu kule Kibondo, mjukuu wake mmoja alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akaanza kutembea uani kama babu alivyokuwa akitembea: bega la kushoto limeshuka, mkono mmoja kiunoni. Alipita kwa waombolezaji mmoja mmoja akidai madeni. Mjomba alikumbushwa mbuzi aliyemkopa mwaka 1998. Katekista aliambiwa arudishe jembe. Bibi, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake, alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Hakuna aliyesema kwamba marehemu amedhalilishwa. Yule kijana alikuwa na ruhusa ya kufanya vile, na ruhusa hiyo alikuwa ameilipia: alfajiri ndiye aliyeanza kuchimba kaburi, na ndiye aliyebaki mpaka mwisho kusawazisha udongo.

Jioni, watu walipopungua, nilionyeshwa video kwenye simu. Ilikuwa ya dakika moja na nusu. Aliyeigiza ni binamu yangu wa Kasulu, mtoto wa mjomba, kijana wa miaka 20 aliyekuwa ameanza kupata jina kwa vichekesho vya simu. Alijifunga kitenge, akabeba debe kichwani, akajiweka kwenye foleni ya mgao wa chakula kambini. Kiswahili chake alikipinda kwa Kirundi. Aliomba unga, akaomba tena, akakataliwa, akaomba mara ya tatu. Kisha ikasikika sauti ya askari, akatimua mbio, akaacha chini mtoto wa kitambaa aliyekuwa amembeba mgongoni. Akarudi. Akachukua debe. Mtoto akabaki pale pale.

Nilicheka. Nalisema hilo mapema, kwa sababu yote yanayofuata yanaandikwa na mtu aliyecheka. Nilicheka, kisha nikaituma kwenye makundi mawili ya WhatsApp.

Siku ya nne makundi hayo yalikuwa hayasomeki kwa matusi. Mwalimu mmoja, ambaye mama yake alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na mtoto mgongoni, aliandika aya moja fupi akajitoa kwenye kundi. Wengine walitaka kijana akamatwe. Wengine walijibu kwamba hivyo ni vichekesho tu, asiyevitaka apite. Mtu ambaye namba yake hakuna aliyeifahamu aliandika kwamba anajua binamu yangu anakolaza pikipiki yake, na kwamba ipo siku.

Wazee wakakutana. Baba mkubwa akaniita. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye msomi, na hizi sheria za mitandao unazijua. Tuandikie barua ya polisi, wamchukue huyu mtoto wamwonye, kabla watu hawajajichukulia sheria mkononi." Hakuwa akizungumza kwa chuki. Alikuwa akitafuta mahali salama pa kumweka mtoto wa shemeji yake.

Usiku ule niliandika aya mbili. Nilitaja sheria kwa jina na mwaka. Nikafika kwenye kifungu, nikakwama. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya umahiri katika historia, na tasnifu niliyoiacha mezani Dar es Salaam ilihusu utani.

*

Siku hizi neno utani tunalitumia kwa kila mzaha. Simba na Yanga ni watani wa jadi, na mtu akikosea kusema hujitetea kwamba alikuwa anatania. Kwa wazee neno hilo lilibana zaidi. Mtani hakuwa mtu yeyote anayependa kuchekesha. Alikuwa mtu aliyewekwa mahali maalumu kwako: mjukuu kwa babu yake, shemeji kwa shemeji, binamu kwa binamu, au mtu wa kabila ambalo kabila lako lilikuwa na historia nalo.

Wageni waliliandika jambo hili katika miaka ya vita kuu ya pili. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown alieleza kwamba huu ni uhusiano ambamo mtu mmoja anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumkejeli mwenzake, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Alitenganisha aina mbili: ile ya pande zote mbili, ambapo kila mmoja anaweza kumrudishia mwenzake, na ile ya upande mmoja, ambapo mmoja anasema na mwingine anapokea. Mwaka 1944 Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani kwenye milima ya Usambara, alichapisha makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya taarifa za utani wa makabila mengi nchini.

Ukisoma kazi hizo pamoja unaona jambo ambalo mzaha wa leo unalificha: utani mwingi wa makabila ulizaliwa mahali ambapo damu ilimwagika au ingeweza kumwagika. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika miaka ya 1870 na 1880, na ndio wanaotajwa kila mara kama mfano wa watani. Makabila mengine yalikutana kwenye misafara ya pembe na watumwa, ambapo mgeni alihitaji mtu wa kumpa maji na wa kumzika akifia njiani. Kejeli ilikaa mahali ambapo mkuki ungekaa.

Ndiyo maana ilikuwa na masharti. Mtani hukutania ukiwa unamsikia. Unaweza kumjibu, na watu wanangoja jibu lako. Na siku ya msiba ndiye anayekuja kuchimba, kupika na kubeba. Akikuita mwizi mbele ya watu, kila aliyepo anajua kwamba mtu huyu huyu atashika jeneza lako. Ukiyaondoa masharti hayo, maneno yanabaki yale yale lakini hayaitwi utani tena. Kiswahili kina maneno mengine kwa hayo: dhihaka, kejeli, tusi.

*

Babu yangu aliyajua yote mawili. Alizaliwa kwenye vilima vya Kibondo, na akiwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo iliyofuata iliwachukua vijana wa Buha kuliko ilivyochukua mazao yao. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, na nyanda za Kibondo na Kasulu zikawa kati ya maeneo ilikokwenda kutafuta watu. Vibarua waliitwa manamba, kwa sababu mtu aliandikwa namba kabla hajaulizwa jina.

Babu alikuwa akisimulia kwamba kule shambani kila kabila lilikuwa na mahali pake kwenye vichekesho vya jioni. Waliokuwa na watani walitaniwa, wakatania. Waha walikuwa na jina moja tu walilopewa na kila mtu: Warundi. Kiha na Kirundi vinasikilizana vizuri, na kwa mtu wa pwani havina tofauti. Babu alijaribu kueleza mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaacha. "Nikajifunza kucheka," alisema, na aliposema hivyo hakuwa akicheka.

Kichekesho hicho hakijafa. Kila Muha aliyesoma au kufanya kazi nje ya Kigoma amekisikia bwenini, kwenye daladala, kazini. Wewe si Mrundi? Kitambulisho chako ulikipataje? Wanaouliza wanacheka, na nakubali kwamba wengi hawana ubaya. Lakini swali lile lile huulizwa tena na mtu aliyekaa nyuma ya meza, mwenye fomu na muhuri, naye hacheki. Mtu wa mpakani anapoombwa cheti cha kuzaliwa cha bibi yake, anakuwa ameingia ndani ya kichekesho alichokisikia bwenini, na mlango umefungwa nyuma yake. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba swali la kuuliza kuhusu kichekesho si kama kinaumiza tu. Inafaa kuuliza pia nani mwingine anayatumia maneno hayo, na akiyatumia, kinatokea nini.

Sasa mjukuu wa manamba yule yule amejifunga kitenge Kasulu, anamwigiza Mrundi.

*

Barua yangu ilikuwa ikisubiri kifungu. Vifungu havikukosekana.

Serikali ya kikoloni ilituachia Kanuni ya Adhabu ambayo tangu 1930 inamwadhibu mtu anayetumia lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani. Sheria za kuwalinda wakubwa dhidi ya maneno zilikuwepo pia, na aliyeonja ladha yake maarufu kuliko wote ni Julius Nyerere. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kashfa baada ya gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, kuwashambulia wakuu wawili wa wilaya. Mahakama ilimpa kuchagua: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Alilipa faini. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru, na sheria nyingi alizozikuta zikabaki mahali pake.

Tulipopata simu, sheria nazo zikahamia humo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge Aprili 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huo. Kifungu cha 16, kuhusu taarifa za uongo, kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka hata mwenye blogu kukata leseni kwa ada inayozidi shilingi milioni 2 kwa jumla. Kanuni za 2020 zikaongeza kwenye orodha ya makatazo maudhui yanayokejeli hadhi ya Jamhuri, bendera na wimbo wa taifa. Katiba ya 1977, kwenye ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Ibara ya 30 inaeleza mipaka. Maisha yetu ya mtandaoni yako kati ya namba hizo mbili.

Ukizitazama kesi zenyewe, unaona kichekesho kimesafiri upande mmoja. Mwaka 2016 mwanamume mmoja wa Arusha alimwita Rais John Magufuli "bwege" kwenye Facebook. Alihukumiwa kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3. Mwezi huo huo wa Juni, akiweka jiwe la msingi la maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Rais mwenyewe aliwaita "vilaza" wanafunzi wa stashahada maalumu ya ualimu waliokuwa wamerudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, ambao walikuwa zaidi ya 7,000. Watu walicheka. Neno likaingia mtaani likabaki. Huu ndio utani wa upande mmoja ambao Radcliffe-Brown aliuandika: mmoja anasema, mwingine anapokea.

Idris Sultan aliujaribu upande wa pili. Alikuwa anajulikana tangu 2014 aliposhinda Big Brother Africa, na vichekesho ndiyo kazi yake. Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Rais, aliweka mtandaoni picha mbili ambazo sura yake na ya Rais zilibadilishana: Idris kwenye kiti cha Ikulu, Magufuli kwenye mavazi ya msanii. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alimtaka hadharani aripoti polisi kwa kuvuka mipaka ya kazi yake. Mei 2020 ikawa video. Humo Idris hakusema jambo lolote la siasa. Alitazama picha ya zamani ya Rais akiwa kijana, ndani ya suti iliyompwaya, akaanza kucheka, akashindwa kujizuia. Basi. Alikamatwa tarehe 19, akafikishwa Mahakama ya Kisutu tarehe 27.

Nilipoifuatilia kesi hiyo kwa ajili ya tasnifu, kilichonishangaza ni mashtaka. Polisi walikuwa wamemhoji kuhusu kumnyanyasa Rais mtandaoni, lakini alichoshtakiwa mahakamani kilihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikuwa umekamilishwa nchi nzima miezi michache tu kabla. Cheko lenyewe halikuingia kwenye hati ya mashtaka. Pengine hakuna aliyejua jinsi ya kuliandika.

Hali ya majirani haina tofauti kubwa. Julai 2020, Uganda iliwakamata wachekeshaji wanne wa kikundi cha Bizonto kwa igizo lililohesabu viongozi wa juu wanaotoka eneo moja la nchi. Mwaka 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kusambazwa Tanzania baada ya kuchapisha katuni ya Gado iliyomchora Rais Jakaya Kikwete. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa kwamba gazeti halijasajiliwa nchini.

Kwa hiyo, usiku ule, nikiwa na aya mbili mezani, nilijua barua yangu inaingia kwenye mlolongo upi. Kifungu ambacho ningekitaja kumwonya binamu yangu ndicho kingesubiri siku ambayo yeye, au mimi, atamcheka mkubwa.

*

Ningependa hoja iishie hapo. Ingekuwa nyepesi: mwache kijana achekeshe. Lakini Kibondo na Kasulu si mahali pa kusema hivyo kwa wepesi, kwa sababu tunaishi na watu waliokimbia pande zote mbili za jambo hili.

Kwanza, wapo waliokimbia nchi ambayo haikuvumilia hata kalamu ya mtoto. Aprili 2015 Pierre Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu, Burundi iliwaka. Mei, baada ya jaribio la mapinduzi, redio binafsi za Bujumbura zilichomwa na kuharibiwa. Watu wakavuka. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, ikafurika mpaka ikawa moja ya kambi kubwa kabisa duniani, na kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya. Mwaka 2016 mamia ya wanafunzi nchini Burundi walisimamishwa shule kwa sababu picha ya Rais kwenye vitabu vyao ilikuwa imechorwachorwa. Machi 2019, huko Kirundo, wanafunzi saba wa shule walikamatwa kwa kosa hilo hilo, na watatu kati yao wakabaki mahabusu mpaka kelele za dunia zilipowatoa. Watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakichora masharubu na miwani kwenye picha ya Nkurunziza na kuziweka mtandaoni. Kutoka Kibondo, mpaka wa Burundi hauko mbali. Mtoto anayechora pembe kwenye picha ya kitabu upande huu hupigwa fimbo mbili. Upande ule alipelekwa mahabusu.

Pili, wapo waliotoka katika ukanda ambao kichekesho kiliwahi kutangulia panga. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kutangaza Julai 1993. Waliokuwa wakiisikiliza wanasimulia kwamba ilipendwa kwa sababu ilichekesha. Redio ya taifa ilikuwa inasoma taarifa kwa sauti ya ofisi. RTLM ilipiga muziki mzuri, ilizungumza kama watu wa baa, na mtangazaji wake Kantano Habimana alikuwa stadi wa mizaha. Watutsi waliitwa mende huku watu wakicheka. Gazeti la Kangura lilifanya kazi hiyo kwa katuni. Kuanzia Aprili 1994 redio hiyo hiyo ikawa inataja watu na mahali walipojificha. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa Kangura. Hukumu hiyo ilisomwa katika ardhi yetu.

Sisemi binamu yangu ni Kantano. Alikuwa na simu, kitenge na bando la siku moja. Nasema tu kwamba katika kanda hii huwezi kuiweka hoja ya uhuru wa kuchekesha mezani bila kuwakaribisha mashahidi hao wawili, msichana wa Kirundo na mtu aliyeitwa mende. Nao hawatoi ushahidi unaofanana. Mmoja anasema: ukiwapa polisi mamlaka juu ya kicheko, watakuja kwa watoto. Mwingine anasema: kuna kicheko kinachomtoa mtu kwenye orodha ya watu.

Nimejaribu kutafuta kinachowaunganisha, na ninachokiona ni kile kile cha masharti ya utani. Msichana wa Kirundo alimcheka mtu mwenye jeshi, na mtu huyo angeweza kumjibu kwa njia mia moja. Mtu aliyeitwa mende redioni hakuwa na redio. Mizani iko kwenye jibu. Anayechekwa akiweza kujibu bila kudhurika, kichekesho kikali kiasi gani kinabebeka. Akiwa hawezi, hata kidogo ni kizito.

*

Asubuhi niliwaambia wazee kwamba barua sijaimaliza, na sitaimaliza. Baba mkubwa alinitazama muda mrefu. "Basi utupe njia nyingine," akasema, "maana kijana yuko hatarini na wewe umetunyima polisi."

Nilichojua ni cha kwenye vitabu, na nikakisema: aitwe, akae mbele ya mtu aliyemkejeli, ajibiwe. Walikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Kwao halikuwa jambo la vitabuni.

Shida ilikuwa nani ajibu. Mwalimu alikataa kuja. Akatajwa mama mmoja wa Burundi ambaye familia yetu inamfahamu kwa miaka mingi. Jina lake na anakoishi nitaviacha. Nilitumwa mimi nikamwombe. Nilimkuta anachambua maharage. Alikuwa ameiona video, jirani alimwonyesha. Nilimweleza kwa Kiha, naye akanijibu kwa Kirundi, tukaelewana kila neno, kama ilivyo siku zote. Nikamwambia ana haki ya kumjibu yule kijana. Akaendelea kutupa mawe kando na maharage sahanini.

"Nimjibu kwa simu ipi?" akaniuliza.

Hata hivyo alikuja. Wazee walikaa, pombe ya ndizi ikaletwa, binamu yangu akaketi kwenye kigoda kama mwanafunzi. Yule mama alisimama na kumwigiza. Alishika kijiti kama simu, akakinyanyua juu, akatengeneza nywele zisizokuwepo, kisha akaanza kumwomba mama yake hela ya bando kwa sauti ya mtoto mdogo. Aliomba mara moja, akanyimwa, akaomba mara ya pili, ya tatu. Alikuwa amekipima vizuri. Ua mzima uliangua kicheko. Binamu yangu akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na sikujua kama ni kucheka au kulia. Akaomba msamaha. Akatozwa kuku wawili. Video akaifuta mbele ya watu wote.

Nilirudi na yule mama mpaka njia panda. Nilikuwa nimefurahi, nikamwambia amemweza. Alitembea kidogo bila kusema kitu.

"Nimecheka ili nirudi nyumbani," akasema. "Wewe ulifikiri ningekataa kuja, mlivyoniita nyote?"

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko chochote nilichosoma. Niliamini nimejenga upya utani wa pande zote mbili, kumbe nilikuwa nimemwita mtu asiyeweza kukataa, kwenye ua wa watu anaowahitaji, achekeshe ili sisi tujione wema. Mambo mengine ya siku ile yalikuwa ya kweli. Vitisho dhidi ya binamu yangu vilikoma. Kuku walifika. Tangu siku hiyo kijana huyo hupita kwa yule mama na kumkatia kuni, na hajawahi kurekodi akifanya hivyo. Bado naamini ni afadhali kuliko barua ya polisi. Lakini masharti ya utani yaliwahusu watu waliosimama kwenye ardhi moja, na ardhi aliyosimama yeye inaweza kutangazwa kesho kwamba imefungwa.

Tasnifu niliimaliza mwaka uliofuata. Sura ya mwisho niliiandika upya, nikaondoa sentensi zote zilizosema utani ni dawa.

Desemba, nikiwa Dar es Salaam, rafiki niliyesoma naye alinitumia video. Juu yake kulikuwa na alama ile ya WhatsApp inayoonyesha kwamba imesambazwa mara nyingi. Kitenge, debe, foleni, mtoto wa kitambaa. Mtu asiyejulikana alikuwa ameikata mwanzo, hivyo haikuonekana tena kwamba ni kambini, na Kirundi cha kuigiza hakuna aliyekitambua. Chini yake rafiki yangu, ambaye hana ubaya wowote, alikuwa ameandika: "Waha nyie, mtatuua kwa kicheko."